Dawa ya kusukutua kinywa: ya 0.2, ya 0.12 au ya 0.05? Angalia kipimo kabla ya asilimia

Tangu niandike kuhusu fizi zinazotoka damu, swali ninaloletewa zaidi ni hili: "Dada, kati ya dawa ya kusukutua ya asilimia 0.2 na ile ya 0.12, ipi kali?" Asilimia hizo ni za klorheksidini, dawa ya kuua bakteria wa kinywani. Wengi wanaouliza wameshanunua tayari na wana malalamiko. Mmoja ametumia ya 0.2 zaidi ya mwezi, meno yamekuwa ya kahawia na fizi bado zinavuja. Mwingine aliambiwa dukani kwamba ya 0.12 ni "ya kawaida, haina shida", chupa ikamwishia ndani ya wiki moja. Wa tatu alibeba chupa kubwa ya bluu supamaketi, na ukisoma lebo yake hakuna hata kiambato kimoja cha kuua bakteria, ni mnanaa na rangi tu.

Nikawauliza wote jambo moja: unamimina kiasi gani kwa mara moja? Jibu likawa lile lile: "Najaza kifuniko." Kifuniko cha mililita ngapi? Hakuna aliyejua, na si kosa lao, kwa sababu vifuniko vya chupa zao havikuwa na mstari wala namba. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea, na ndiyo maana sitazungumzia ladha, harufu wala weupe wa meno. Hayo utayasoma kwenye matangazo.

Hesabu ambayo muuzaji hakufanyii

Dawa iliyothibitishwa kuliko zote dhidi ya ukoga, ule utando laini wa bakteria unaong'ang'ania meno karibu na ufizi, ni hiyo klorheksidini. Kwenye lebo itafute kwa maandishi haya: Chlorhexidine Gluconate, au Digluconate. Asilimia inakueleza tu dawa imekolea kiasi gani. Haikuelezi ni dawa kiasi gani inaingia kinywani mwako. Kijiko kimoja cha sukari ni kile kile, ukikikoroga kwenye kikombe kidogo au kwenye kikubwa. Utamu wa kila funda ndio unaobadilika.

Asilimia 0.2 maana yake ni miligramu 2 kwa kila mililita. Kipimo chake ni mililita 10, kwa hiyo kinywani zinaingia miligramu 20. Asilimia 0.12 ni miligramu 1.2 kwa mililita, na kipimo chake ni mililita 15, kwa hiyo zinaingia miligramu 18. Ishirini na kumi na nane! Huo ndio "ukali" ambao watu wanabishania mbele ya kaunta. Ukimimina mililita 15 za ile ya 0.12 umepata karibu sawa na mwenzako wa 0.2. Ukimimina mililita 5 za ile ya 0.2, kwa kuwa kifuniko chako ni kidogo na hakuna aliyekwambia, umepata miligramu 10, nusu ya dawa uliyolipia.

Namba hizi hazikuokotwa njiani. Mwaka 1965 mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu wenye fizi nzima waache kabisa kupiga mswaki. Ndani ya siku 10 hadi 21 fizi za wote zikawa zimevimba, na waliporudia kusafisha meno zikapona. Ukoga ndio chanzo. Jambo hilo likathibitika. Mwaka 1970 Löe na Schiøtt wakaonyesha kwamba mtu asiyepiga mswaki lakini anayesukutua mililita 10 za klorheksidini ya asilimia 0.2 mara mbili kwa siku hajengi ukoga na fizi zake hazivimbi. Zisome hizo namba zote mbili kwa pamoja: mililita 10 za asilimia 0.2. Wauzaji wetu wamebeba nusu ya sentensi na kuiacha nusu nyingine.

Wamarekani wakaja na njia yao. Peridex, iliyoidhinishwa na mamlaka yao ya dawa mwaka 1986, ni ya asilimia 0.12, na maelekezo yake yanasema mililita 15, kipimo kimechorwa ndani ya kifuniko. Walipopunguza asilimia waliongeza ujazo, na wakahakikisha mnunuzi ana cha kupimia. Mwaka 2017 uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikusanya tafiti 51 zenye washiriki 5,345 na haukupata ushahidi kwamba kiwango kimoja cha klorheksidini kinakishinda kingine kwa kuzuia uvimbe wa fizi. Kwa hiyo mtu akikwambia ya 0.2 ni ya wagonjwa na ya 0.12 ni ya watu wazima kiafya, hana anachokisimamia.

Boksi, kikombe na kifuniko

Kabla ya kulipa, omba kufungua boksi. Angalia kama kuna kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari, au kama kifuniko kina alama ya mililita 10 au 15 kwa ndani. Alama iliyochongwa ni bora kuliko iliyochapishwa kwa wino, maana wino unafutika ukisuuza mara chache. Hakikisha pia mstari unaonekana ukiwa umesimama mbele ya kioo asubuhi, kifuniko cheupe na dawa isiyo na rangi ni mateso.

Kuna tabia imeingia kwenye baadhi ya maduka ya dawa, na inaniumiza. Ili chupa nyingi zitoshe kwenye rafu, wanazitoa kwenye boksi, boksi linatupwa, na ndani yake kinaondoka kikombe pamoja na karatasi ya maelekezo. Unauziwa chupa tupu ya maelezo kwa bei ile ile. Ukiuliza kipimo unajibiwa "kadiria tu, haina madhara". Dawa haikadiriwi! Nisingekubali kuuziwa dawa ya kikohozi ya mtoto bila kijiko chake, na sioni kwa nini hii iwe tofauti.

Kama umeshanunua chupa isiyo na kipimo, usiitupe. Nunua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yake, bei yake ni ndogo na maduka yote ya dawa yanalo. Au tumia kikombe kilichobaki cha dawa ya maji ya watoto, mara nyingi kina mistari ya 5, 10 na 15. Hata kijiko cha chai cha kupimia, cha mililita 5, kitakufaa: viwili kwa ile ya 0.2, vitatu kwa ile ya 0.12. Pima mara moja, mimina kwenye kifuniko chako, kisha weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika pale dawa ilipofika.

Kuna mtego mwingine kwenye lebo, nao unawapata hata watu makini. Malighafi ya klorheksidini huwa ni kimiminika cha asilimia 20. Kwa hiyo lebo ikiandika kwamba kila mililita 100 zina mililita 1 ya mmumunyo wa klorheksidini, usidhani umepata ya asilimia 1. Hiyo ni 0.2. Eludril ya kawaida kutoka Ufaransa ni mfano mzuri: lebo inataja mililita 0.5 za mmumunyo kwa kila 100, kumbe dawa yenyewe ni asilimia 0.1, na tena huchanganywa na maji kabla ya kusukutua. Ukiona namba inakushangaza kwa ukubwa, muulize mfamasia kama ni ya mmumunyo au ya dawa yenyewe.

Nafasi ya kwanza: klorheksidini 0.2, na mimi nachagua Corsodyl

Nasema wazi kwamba hii ndiyo ninayoipenda, na hakuna aliyenilipa. Corsodyl ya Uingereza ni asilimia 0.2, mililita 10, dakika moja, mara mbili kwa siku. Sababu kubwa ya kuiweka juu ni ukubwa wa chupa. Wiki mbili za kusukutua asubuhi na jioni ni mara 28. Mara 28 kwa mililita 10 ni mililita 280, na chupa yake ni ya mililita 300. Chupa moja, wiki mbili, kazi imekwisha. Hulazimiki kurudi dukani siku ya tisa ukute bei imepanda au mzigo umeisha. Maelekezo yake nayo yanaeleweka na mtu yeyote. Ile ya mnanaa ya kawaida ina alkoholi, na iko nyingine isiyo nayo. Wasomaji wangu wa Pwani na Unguja wamekuwa wakiniuliza hilo, basi someni mbele ya chupa, imeandikwa.

Ubaya wake ni ubaya wa klorheksidini yote. Inatia meno na ulimi rangi ya kahawia, hasa ukitumia wiki nne au zaidi, na chai ya rangi na kahawa zinaongeza. Rangi hiyo iko juu ya jino, daktari wa meno huisugua ikatoka. Ladha ya chakula inaweza kubadilika kwa muda, na ukoga mgumu unaweza kuongezeka. Wapo wachache wanaopata mzio mkali. Ukivimba midomo au ukibanwa pumzi baada ya kusukutua, acha mara moja na uende hospitali. Watoto chini ya miaka 12 wasiguse bila agizo la daktari wa meno.

Bei yake ndiyo inayonikasirisha. Zile zinazoletwa kwenye mabegi ya wasafiri zinauzwa kwa bei ya kupasua mfuko, mara nyingine zikiwa zimebakiza miezi michache kuisha muda, na mwenye duka anakuambia "hii original" kana kwamba neno hilo ni risiti. Angalia tarehe kwanza. Usilipe bei kamili kwa chupa ambayo muda wake unaisha mwezi ujao.

Nafasi ya pili: klorheksidini 0.12

Kwa ufanisi ingestahili kugawana nafasi ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu ya ujazo peke yake. Mara 28 kwa mililita 15 ni mililita 420, na chupa nyingi za aina hii zilizopo madukani ni ndogo. Chupa ya mililita 150 ni mara 10, yaani siku tano. Ndivyo yule msomaji wangu alivyoishiwa.

Ndiyo maana usilinganishe bei za chupa. Linganisha bei ya kila mara unaposukutua. Tuseme chupa ya 0.2 yenye mililita 300 inauzwa shilingi 30,000: ni mara 30, kila mara shilingi 1,000. Na tuseme ya 0.12 yenye mililita 150 inauzwa 15,000. Inaonekana nafuu, nusu bei! Lakini ni mara 10 tu, kila mara shilingi 1,500. Fanya hesabu hiyo kwa simu yako pale pale kaunta, hata kama kuna foleni nyuma yako.

Ukiikuta Perio-Aid ya Dentaid, ya Hispania, katika chupa ya mililita 500, ichukue bila wasiwasi. Ni 0.12, haina alkoholi, imeongezwa kiambato cha pili cha kuua bakteria, na mililita 500 zinamaliza wiki mbili na kubaki. Unasukutua sekunde 30 badala ya dakika nzima, jambo linalowasaidia wanaotapika wakikaa na dawa kinywani.

Nafasi ya tatu: mafuta ya mimea

Hapa ni Listerine. Viambato vyake vinne ni thaimoli, yukaliptoli, mentholi na methili salisileti. Haina nguvu ya klorheksidini lakini haichafui meno kiasi kile, kwa hiyo inafaa kwa anayetaka kusukutua miezi mingi, na chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliipa muhuri wake mwaka 1987. Ile ya asili inayouzwa Marekani ina alkoholi asilimia 26.9, kinywa kikavu au chenye vidonda kitaungua. Zipo zisizo na alkoholi.

Kipimo chake ni mililita 20, sekunde 30, mara mbili kwa siku, na hapa watu wanajidanganya zaidi kuliko popote. Wanamimina kidogo kwa sababu inawasha. Chupa ya mililita 250 inatosha mara 12 tu, siku sita. Kama yako inakaa miezi miwili kwenye sinki, unaburudisha pumzi, fizi hazipati kitu.

Nafasi ya nne: CPC

Colgate Plax na zinazofanana nayo. Kiambato huandikwa Cetylpyridinium Chloride, mara nyingi asilimia 0.05 hadi 0.075. Zinapunguza ukoga kwa kiasi, zinapatikana hadi maduka ya mtaani. Kama huoni jina hilo kwenye lebo, umeshika maji ya harufu nzuri. Tanzania, tangu 2019 vipodozi viko TBS, shirika la viwango, na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa, kwa hiyo alama iliyoko kwenye chupa inakupa fununu ya kile unachonunua.

Klorheksidini 0.05 na 0.06

Hizi ni za kuendeleza baada ya kumaliza wiki mbili za dawa kamili, kwa wenye vipandikizi vya meno au waya za kunyoosha meno, kwa ushauri wa daktari wao. Mililita 15 za 0.05 ni miligramu 7.5. Hazipaswi kuwa chupa yako ya kwanza ukiwa na fizi zinazovuja, ingawa nimeona zikiuzwa kwa bei ya ile ya 0.2 na mnunuzi hajui kwamba amebeba chini ya nusu ya dawa.

Za bei ndogo

Maji ya uvuguvugu na chumvi yanatuliza maumivu, basi. Haidrojeni peroksaidi: ya vidonda inayouzwa kwenye chupa ndogo mara nyingi ni ya asilimia 3 au 6, ya kinywani ni kama 1.5, kwa hiyo usiichezee. Dawa ya ayodini ya kusukutua ni ya koo zaidi.

Na tafadhali, tena tafadhali: usinunue klorheksidini ya ngozi ukaichanganya na maji nyumbani. Ile sabuni ya kuoshea mikono ya hospitali ni asilimia 4, jeli ya kitovu cha mtoto mchanga ni 7.1, na Savlon ina kemikali nyingine ya usafi pamoja nayo. Jina moja kwenye lebo halizifanyi ziwe dawa ya kinywa. Nimeletewa ushauri huo kutoka kwenye makundi ya WhatsApp zaidi ya mara moja, na unatolewa na watu wanaotaka kuwaokolea wenzao pesa.

Ukishafika nayo nyumbani

Dawa ya meno inayotoa povu jingi inaishika klorheksidini na kuizuia isifanye kazi. Ukipiga mswaki na kusukutua papo hapo umetupa kipimo kizima. Piga mswaki, suuza vizuri kwa maji, subiri angalau nusu saa, ndipo upime na kusukutua. Ukishatema, usisuuze tena kwa maji, usile wala kunywa chai kwa nusu saa nyingine. Klorheksidini inanata kwenye meno na fizi na kuendelea kufanya kazi kwa saa nyingi, ndiyo maana mara mbili kwa siku zinatosha. Mara ya tatu inaongeza madoa tu.

Mswaki uendelee. Uchambuzi ule wa Cochrane ulipima dawa hii ikiwa juu ya usafi wa kawaida wa meno, na kwa wenye uvimbe mdogo wa fizi nafuu iliyopatikana kwenye fizi ilikuwa ndogo, ingawa ukoga ulipungua sana. Anayekuuzia chupa kama mbadala wa mswaki anakuibia.

Zikipita wiki mbili, umepima sawasawa, na damu bado inaonekana kwenye mswaki, usinunue chupa ya pili. Huenda kuna ukoga uliokwisha kuganda kama jiwe chini ya ufizi, na huo hautolewi na kimiminika cha asilimia yoyote. Peleka pesa ya chupa hiyo kwa daktari wa meno akusafishe, na mwambie ulitumia nini na kwa muda gani ili ajue yale madoa ya kahawia yametoka wapi.